Kichwa Chini ya Mlingoti

Fundi saa alipewa mpaka Jumamosi. Mkewe alilisema jambo hilo bila kupandisha sauti, na hapo ndipo mume alipoogopa. Tone moja tu likimdondokea tena kitandani mle mashuani, mashua yenyewe ya tanga inauzwa na sebuleni linaingia kochi jipya. Mashua ilikuwa kuukuu, ila fundi aliipenda kupita kiasi, na makochi hakuwahi kuyapenda maishani mwake.

Ubaya ulianzia kwenye makapi, vile vigurudumu vinne vya kupitishia kamba, vilivyofungwa sitahani kuzunguka mlingoti. Bolti zilikuwa zimelegea kwa uzee, na zote zilitokeza kwenye dari ya chumba cha chini, juu kabisa ya mto wa kulalia wa mkewe.

Basi ikabidi kung'oa yote, kuziba, na kufunga mapya. Taabu ni kwamba bolti inakazwa juu huku nati imeshikwa chini, na mkono wa binadamu hauna urefu huo. Fundi akamwita shemeji yake kwa siri. Mke alikwisha kumpiga marufuku huyo mdogo wake asikanyage mashua tena, tangu alipotengeneza kitasa cha choo na kumfungia dada ndani asubuhi nzima. Kwa urefu wake watu walimwita Ngongoti. Mle chumbani alisimama amejikunja kama mkeka uliokosa pa kuwekwa.

Fundi alikuwa mtu wa kutia mafuta ya saa kwa ncha ya sindano. Siku hiyo aliposhika tyubu ya gundi, akapagawa. Tundu moja alilimiminia gundi ya kutosha mashua nzima.

"Shemeji, huku inachuruzika," Ngongoti akasema kutoka chini.

"Hiyo ndiyo dawa yake. Kaza nati."

Spana ilitaka mikono miwili, kwa hiyo ule ubao mdogo unaokaa kati ya nati na dari Ngongoti aliusukuma juu kwa kichwa. Wakakaza bolti zote. Fundi akafuta jasho, akamwambia apande wanywe chai.

"Sitoki."

"Acha uvivu, bwana."

"Mimi sikatai, shemeji. Kichwa ndicho kinachokataa."

Fundi akashuka mbio. Nywele za Ngongoti, alizozifuga miaka miwili na kuzichana kutwa, zilikuwa zimezama kwenye gundi, na gundi imeshika. Wakajaribu sabuni. Wakajaribu mafuta ya kupikia, wakajaribu na dua. Walikuwa bado kwenye dua mke alipopanda sitahani na ndoo ya maji.

Fundi akaruka juu na kumpokea kwa tabasamu lisilokaa vizuri usoni. Mke akavuta kamba moja baada ya nyingine, nazo zikateleza bila kukwama. Aliridhika, ikaonekana.

"Umefanya peke yako?"

"Peke yangu, mke wangu."

Akamwaga ndoo nzima pale pale chini ya mlingoti. "Haya, nenda kaangalie mto."

Fundi hajainua hata mguu, sauti ikatoka chini: "Pakavu, dada. Hata tone."

Mke akaikazia sitaha macho.

"Nani huyo?"

"Redio," fundi akasema.

"Si redio, dada," sauti ikajibu kwa adabu, kwa maana Ngongoti tangu utotoni hakuweza kumdanganya dada yake.

Mke akashuka. Akamkuta mdogo wake amesimama kitandani kwake, spana mkononi, kichwa kimegandana na dari. Aliupapasa mto, akaugeuza, akaupapasa tena. Kisha akakaa kitako na kucheka mpaka akashika mbavu.

"Mashua haiuzwi," akasema alipopata pumzi.

Fundi nusura alie kwa furaha. Akachukua mkasi haraka amkomboe shemeji yake.

"Weka mkasi chini," mke akamwambia, huku akiokota ndoo. "Hayo yalikuwa manyunyu tu. Sasa nataka kujaribu mvua kubwa, na huyu atanisomea matokeo."