Kitambaa Kwenye Shina la Iliki

"Usitikisike, mama," mkwe wangu Thenmozhi alisema nyuma yangu, na nikasikia anachomoa panga kiunoni.

Nilikuwa nimechuchumaa nikichuma, mkono wa kulia umezama kati ya mabua ya shina la iliki hadi kiwiko. Majani yalinizuia nisione. "Nyoka? Yuko wapi?"

"Kajikunja kwenye bua, karibu kabisa na kiganja chako. Wa kijani. Namkata."

"Thubutu!"

Hasira ilinipanda kuliko hofu. Msichana huyu mwanangu kamtoa bondeni juzi juzi, milima hii ya Idukki haijui, na wiki iliyopita alimkata kwa panga nyoka wa mstari wetu wa iliki. Wanaume wakampigia makofi. Wapumbavu wote! Yule nyoka alikaa shina lile lile tangu mvua zianze. Tulifunga kitambaa chekundu kwenye shina lake kama alama, kila mchumaji akampita pembeni, naye akajilia panya wake. Sasa panya wanatafuna iliki zetu, na nyoka mwingine kawafuata, kakaa asipojulikana. Hapa.

"Mama, ana vile vishimo chini ya macho. Kaugeukia mkono wako."

Vishimo hivyo vinahisi joto. Kwake mimi ni panya mnene. Mchumaji mwenzetu Rasathi aliumwa na mmoja wao mwaka juzi, mpaka leo vidole vyake havishiki hata sindano. Na mimi bila mkono huu nitakula nini?

"Weka panga chini, mwanangu." "Ukimkosa, ataniuma. Ukimpata, utanikata. We niambie tu alipo."

Jasho likaniingia machoni. Kisha nikasikia panga likilazwa kwenye majani makavu.

"Shusha mkono. Chini zaidi. Bado, usivute... tulia! Kainua kichwa." Nikabana pumzi. "Karudisha. Sasa vuta. Polepole, mama, polepole jamani!"

Mkono ukatoka mzima. Nikakaa matopeni nikalia kama mtoto, naye akalia. Kisha akachana pindo la kilemba chake, akalifunga kwenye bua la nje, mbali na yule nyoka.

"Yule niliyemuua," aliuliza, "naye alikuwa katulia tu hivi?"

Wiki nzima nilikuwa nimemwekea matusi yangu tayari. Sikulitoa hata moja.

"Alikuwa katulia tu."

Akakaza fundo la pili.