Siku Niliyokatazwa Kusema

Siku moja baada ya kung'olewa gego la mwisho, nilikuwa nimelala sebuleni, shavu limevimba, pamba imejaa mdomoni. Daktari alikuwa amenikataza kusema. Shemeji yangu Ayoubu, ndugu wa marehemu mume wangu, alilijua jambo hilo, na ndiyo maana aliichagua siku hiyo kuja na mnunuzi aitwaye Florentin, pamoja na majirani wawili wa kushuhudia.

"Shemeji, tunauza shamba la marehemu kaka kule Mikelenge," akasema. "Kama hutaki, sema."

Nikatikisa kichwa kwa nguvu kukataa.

"Ile njo maumivu ya jino," akawaambia, akicheka. "Munaona? Hana neno. Amekubali."

Hasira ilinipanda hadi nikasahau maumivu. Nikaitema ile pamba miguuni pake.

"Sikubali! Wakati wa vita ulikimbilia Lubutu. Nani alilima pale, risasi zikilia? Ile shamba njo ililisha batoto ya kaka yako!"

Damu ilichuruzika hadi kwenye kitenge. Florentin akainuka.

"Papa Ayoubu, uliniambia mama huyu alikubali zamani," akasema, akatoka. Majirani wakamfuata.

Ayoubu alibaki mlangoni. "Shemeji, utaumia. Nyamaza sasa."

Nikaendelea kusema.