Mkopo wa Ghorofani

Evodius alishuka ngazi kwa makalio. Ndivyo alivyokuwa akishuka tangu kiharusi kimpige: anakaa kwenye kidato, anatanguliza mguu mzima, na mkewe Aikaeli, aliyesimama kidato cha chini, anaupokea ule mguu mwingine kwa mikono miwili na kuushusha. Halafu anajiburuta. Halafu wanaanza tena. Jengo lao la Croydon halina lifti, na wao wanakaa ghorofa ya juu kabisa. Majirani wenye haraka zao waliwapita wakisema sorry, sorry, mabegi wameyainua juu ili yasimgonge kichwani. Mtu aliyekuwa akiendesha mabasi ya jiji hili, abiria wakimshukuru kila wakishuka, leo anapitwa kwenye ngazi za nyumba aliyoinunua mwenyewe.

Siku hiyo hawakuwa wanakwenda hospitali. Walikuwa wanakwenda kuangalia nyumba.

Ilikuwa New Addington, mwisho wa tramu, chumba kimoja na sebule, chini kabisa. Ndogo kuliko yao, na bei yake nafuu. Jiko lilikuwa la kizamani na zulia lilinuka mbwa, lakini mlango wa mbele ulikuwa sawasawa na ardhi. Aikaeli hakulijali jiko. Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa ameshatoka nje na mkongojo wake bila kumwomba mtu msaada, amesimama juani, uso umemkunjuka.

"Hapa," Evodius alisema. Siku hizi neno moja lilimtosha, na hilo moja alilitafuta kwa jasho.

"Hapa, Baba Angel," Aikaeli akajibu. "Hapa hapa."

Kilichobaki ni mkopo. Walikopa zamani, waliponunua ile ya ghorofani, kwa riba ndogo ambayo leo ukiiulizia unachekwa, na mkataba uliruhusu mkopo huohuo uhamie kwenye nyumba mpya. Ukiuza bila kuuhamisha, benki inakutoza faini ya kuvunja mkataba, na faini yenyewe ingeimeza akiba yote ya kununulia. Kwa hiyo ama mkopo uhame nao, ama wasihame kabisa. Aikaeli hakuwahi kukosa kulipa, hata mwezi ule Evodius alipokuwa amelazwa hajitambui. Hakuona cha kuogopa.

Benki wakampigia simu na maswali yao. Dada wa kwenye simu akauliza kama kuna mtu yeyote ambaye yeye humlipa kila mwezi. Mwingine angekaa kimya. Aikaeli alijibu, tena kwa fahari, kwamba anamlipa Haika, kijumbe anayekusanya michango ya upatu wa kina mama wenzake wa Croydon, na kwamba yeye mwenyewe ameshapokea fungu lake, sasa kazi yake ni kulipa tu. Wenzake walimpisha apokee mwanzo Evodius alipoanguka, ili apunguze zamu kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, apate nafasi ya kumuuguza mgonjwa wake. Na kwa kina mama wale, aliyepokea akalitaja jambo hilo mwenyewe ndiye mtu wa kuaminika. Anayenyamaza ndiye wa kuchungwa.

"Kwa hiyo ulipewa fedha, na sasa unazirejesha," dada akasema.

"Naam. Kila mwezi, bila kukosa."

Zikasikika sauti za vidole vikiandika.

Wiki chache baadaye akaitwa tawini. Aliyempokea alikuwa kijana wa Kikenya, Naftali, tai imemkaa vizuri. Alipoliona jina la Aikaeli akaacha Kiingereza, na Aikaeli akashusha pumzi. Afadhali, alijiambia, huyu tutaelewana.

"Mama, hiyo transfer imekataliwa," Naftali alisema.

"Imekataliwa na nani?"

"Na system. Masaa yako ya kazi imepungua, halafu kuna hii deni ya Haika."

"Haika hanidai, mwanangu. Ule ni upatu."

"Najua. Si ni chama tu? Mama yangu ako kwa chama huko Nakuru. Mimi karo yangu ililipwa na chama." Akautazama mlango wa kioo, akapunguza sauti. "Lakini hapa chama haina mahali. Ni loan ama ni gift. Na wewe ulisema unarudisha."

"Basi andika zawadi."

"Gift hairudishwi, Mama."

"Andika kama nilivyosema."

"Ndiyo hivyo imeandikwa."

Naftali akamsogezea glasi ya maji, na kwa upole akamshauri aache kulipa kile chama kwa miezi kadhaa, akaunti ikae safi, kisha ajaribu tena.

"Nikiacha kulipa, mwenzetu Jedidah atapokea nini? Zamu ni yake. Wakili wa karatasi za ukaazi za mwanawe anangoja malipo."

Naftali akairudia skrini yake.

"Na nyumba tunayoitaka ni rahisi kuliko hii tunayokaa," Aikaeli akaendelea. "Sijaomba mniongeze hata senti. Mkopo ni huuhuu ninaoulipa."

"System inasema hautaweza kuulipa."

"Na huko ninakokaa sasa?"

"Huko endelea tu kulipa. Hakuna mtu atakuuliza kitu."

"Kwa hiyo juu naweza, chini siwezi."

Naftali akaishika kalamu yake, akaiweka. "Mama, mimi nimeajiriwa tu."

Hasira ilimpanda Aikaeli. Angekuwa Mzungu asiyejua upatu ni kitu gani, angemsamehe. Huyu alijua. Alisomeshwa na jasho la wanawake kama yeye, na sasa amekaa upande ule wa meza akiliita jasho hilo deni, kwa adabu zote, kwa Kiswahili. Aikaeli akainuka bila kumuaga.

Ndani ya tramu alimpigia Haika, akaikata simu kabla haijapokelewa. Angemwambia nini? Mwezi ulipoandama alituma mchango wake kama kawaida, na Jedidah akapokea kamili. Nyumba ya New Addington ikachukuliwa na watu wengine. Wakala akamtumia ujumbe wa pole na picha za nyumba nyingine za bei ileile, zote za ghorofani.

Kisha kikaja kiti cha magurudumu ambacho hospitali ilikuwa imemwandikia Evodius. Vijana waliokileta walikiacha chini ukumbini, wakasema kazi yao inaishia mlango wa jengo. Kesho yake asubuhi msimamizi wa jengo alikuwa ameshabandika karatasi kwenye kiegemeo: kiti kinaziba njia ya kutokea moto ukizuka, kisipoondolewa kitatupwa.

Aikaeli alikikunja, akakipandisha peke yake, akipumzika kila kona ya ngazi. Alipokuwa anahema kwenye kona ya mwisho simu ikatetema mfukoni. Benki walikuwa wamechukua malipo ya mwezi na wanamshukuru kwa kuwa mteja wao.

Ndani, akamkalisha Evodius kitini, akamfunga mkanda, akamwekea miguu sawasawa. Kiti kilikuwa kizuri, magurudumu yake hayakupiga hata kelele. Alimsukuma kutoka dirishani, wakaipita meza, wakalipita kochi, wakafika mlangoni. Evodius akanyoosha mkono wake mzima, akakizungusha kitasa, akafungua.

Wakakaa hapo, yeye kitini na mkewe nyuma yake, wakizitazama ngazi zikishuka.

"Geuza," Evodius alisema.

Aikaeli akakigeuza kiti, akamrudisha dirishani.