Simu ya Jikoni

Treni ile wafanyakazi wenyewe waliiita Bi Harusi, kwa sababu ilikuwa nyeupe, ilipambwa kila asubuhi, na haikuwa na haraka ya kufika popote. Ndani mlikuwa na vitanda vya mninga, mabafu ya maji ya moto, na piano ambayo hakuna aliyejua kuipiga. Wageni walipandia Dar es Salaam wakapelekwa taratibu kwenye njia ya zamani ya misafara, Morogoro, Dodoma, Tabora, mpaka Kigoma ziwani. Jioni walisimuliwa habari za wapagazi waliopita huko na pembe za ndovu mabegani, kisha wakala samaki na kunywa divai baridi.

Aliyewamiminia divai hiyo ni Levina, Mnyamwezi wa Tabora, mzaliwa wa Gongoni. Na jikoni, behewa la jirani, alikuwapo Siwema, mpishi, Mzaramo wa Kisarawe. Mnyamwezi na Mzaramo ndani ya treni moja! Hapo nani asiyejua kitakachofuata? Watu husema utani wa makabila hayo ulizaliwa enzi hizo hizo za misafara, Wanyamwezi wanateremka pwani na mizigo, Wazaramo wanawapokea, leo wanagombana, kesho wanazikana, mpaka wakaona bora wachekane tu. Misafara imekwisha, utani umebaki, na mtani hana mpaka. Atakutukana mbele ya mkweo. Atakuzushia kifo. Atalala kwenye kaburi la babako akatae kutoka mpaka apewe kuku, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, asiye na adabu ni wewe.

"Mpagazi wangu," Siwema alimwamkia kila kukicha, "mizigo imefika?"

"Imefika zamani. Wa kuipokea ndio hawajarudi ngomani."

Walipendana, hao wawili, kama watu waliopakuliwa sahani moja tangu utotoni. Lakini kuna siku moja Levina hakuisahau. Safari iliyopita, Dodoma, Siwema alimjia uso umekunjamana, akaapa wallahi kwamba Damas, meneja wa treni, ameamua kumfukuza kazi. Levina akafunga begi. Akalia. Akashuka nalo mpaka kwenye jukwaa la stesheni, na ndipo madirisha yote ya mabehewa ya wafanyakazi yalipofunguka kwa kicheko. Alichekwa mpaka Kigoma, akachekwa na kurudi. Akajiapia kwamba hataingia mkenge wa Mzaramo tena, hata akiambiwa jua limezimika.

Basi safari hii Levina alikuwa na jambo lake moja tu, nalo ni baba yake. Mzee Gerson alikuwa fundi seremala na mwimbaji wa besi katika kwaya ya Wamoraviani, mtu wa vituko, naye ndiye aliyemfundisha binti yake kutania. Sasa moyo ulikuwa umemchoka. Alilala nyumbani Gongoni, mikono haishiki hata kikombe, na Pelagia, dada yake mzee, ndiye aliyemkorogea uji na kumnywesha. Kabla ya kuondoka Dar, Levina alimpigia.

"Baba, Alhamisi tunasimama Tabora. Wageni wakienda Kwihara kutazama nyumba za kale, mimi nakuja kwako."

"Kweli, mayu?" Alimwita hivyo tangu mdogo, mama, kwa Kinyamwezi.

"Kweli, baba."

"Basi nitakusubiri. Sitatoka," akasema mzee, akacheka mpaka akakohoa, maana ni miezi mitatu alikuwa hajainuka kitandani.

Walipofika Itigi, Damas akabadilisha mambo. Wageni wangekula chakula cha mchana pale pale stesheni ya Tabora, chini ya hema, na mhudumu yeyote asithubutu kuondoka. Levina alimsihi. Damas hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa ratiba, na hao wana ubaya wao. Akasema, "Tukirudi Jumapili nitakuachia muda wa kutosha, dada yangu. Leo haiwezekani." Jumapili si mbali, Levina akajiambia. Mtu kasema atanisubiri.

Mambo ya simu pia yaelezwe, maana ndiyo yaliyoharibu. Simu za wafanyakazi zilikusanywa zikafungiwa ofisini kwa Damas, wageni wasije wakamkuta mtu anachati huku supu inapoa. Iliyobaki ni simu ya jikoni, ambayo kila mmoja aliwapa watu wa kwao namba yake kwa ajili ya dharura.

Asubuhi ile ya Alhamisi Siwema alikuwa ameshaanza. "Mpagazi, pole. Babako kafa usiku. Rambirambi nimeshakula mie."

"Umekula nusu," Levina akajibu. "Nusu nyingine nilimpa babu yako anunue suruali."

Wakacheka, kila mmoja akashika kazi yake. Kwa hiyo simu ilipolia, treni imeukaribia mji wa Tabora, Siwema mikono imejaa unga wa mkate, akaibonyeza kwa kiwiko na kuiweka sauti ya wazi, ikalala pale nyuma ya bakuli. Sekunde chache baadaye Levina akaingia na sinia la glasi chafu. Hakuiona simu. Alichosikia ni sauti ya Siwema, ile ile ya siku zote:

"Levina, njoo! Babako kazidiwa, wanakutaka!"

Levina hata hakusimama. Akatua glasi chafu, akachukua safi, akasema kwa sauti ya kutosha kushinda kelele za magurudumu:

"Kazidiwa tena? Mwambie afe haraka basi, tumechoka kumkorogea uji!"

Akatoka, mlango ukajipiga nyuma yake. Alikuwa anatabasamu. Lilikuwa jibu zuri, kwa utani.

Kitambo kidogo Siwema akamfuata kwenye behewa la chakula, ambako mpishi haruhusiwi kukanyaga, unga ukimdondoka viwikoni. Akamvuta pembeni. "Levina, si utani. Alikuwa shangazi yako. Simu ilikuwa wazi. Wamekusikia, kisha wakakata, na sasa nikipiga simu yao haipatikani."

"Hee! Na mimi Dodoma nilifukuzwa kazi."

"Wallahi si utani."

"Wallahi ya Mzaramo! Hiyo hiyo ya Dodoma."

Siwema akaanza kulia. Alilia kwelikweli, mabega yakitikisika, na Levina, Mungu amsamehe, akampigia makofi. Akamwambia, "Unalia vizuri kuliko wafiwa. Siku yetu ikifika tutakukodi." Mzungu mmoja mzee aliyekuwa kwenye meza ya dirishani naye akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya burudani.

Treni ikaingia Tabora na honi ndefu, ile honi ambayo Gongoni yote huisikia. Magari yakawachukua wageni kwenda Kwihara, Damas akiwaongoza, ufunguo wa ofisi mfukoni mwake. Levina akabaki akitandika vitambaa vyeupe chini ya hema. Toka pale angeweza kwenda kwao kwa miguu na kurudi kabla mchuzi haujachemka.

Na si kwamba moyo haukumgonga. Ulimgonga. Alikwenda mpaka mlango wa ofisi ya Damas akakitikisa kitasa, kimefungwa. Alirudi mpaka mlango wa jikoni aombe ile simu, akamwona Siwema amekaa juu ya gunia la mchele, macho mekundu, anamtazama. Akaona jinsi itakavyokuwa: atapiga, baba ataongea vile vile kama siku zote, na kicheko kitaanza jikoni kiende mpaka kwenye injini. Jamani, mtu anaweza kuogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kifo. Siwema akasema kwa upole, "Nenda nyumbani, Levina. Mie nitatandika. Wakikufukuza, na wanifukuze na mie." Levina akasema, "Utani una kiasi, Siwema. Leo umezidisha." Akageuka, akaenda kupanga uma.

Wageni wakarudi na vumbi lao na furaha yao, wakala, wakapiga picha. Siwema akamngoja Damas amalize, akamweleza. Damas alipoifungua ofisi na kuichukua simu ya Levina, treni ilikwishang'oka, na marobota ya tumbaku ilianza kuonekana kando ya reli. Akaipiga namba iliyopigwa mara nyingi. Akasikiliza. Kisha akaja kwenye behewa la chakula amevua kofia, na Damas si mtani wa mtu. Ni Mpare.

"Levina," akasema, "kaa chini."

Hakukaa. Birika la kahawa likamtoka mkononi.

Bi Harusi haisimami Urambo, lakini siku ile ilisimama. Levina akashuka na sare yake nyeupe, na nyuma yake akashuka Siwema, anavua aproni. Damas akauliza nani atapika. "Atakayepika atajulikana," Siwema akasema bila kugeuka. Wakapata lori la tumbaku linalorudi Tabora, wakakaa mbele na dereva.

Gongoni walikuta viti vimetolewa nje, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Levina akapita katikati yao akipokea pole asizozisikia, mpaka chumbani, ambako shangazi Pelagia alikuwa amekaa peke yake kando ya kitanda kilichokwisha kutandikwa upya.

"Shikamoo, shangazi."

Pelagia hakuitika. Akamtazama kwa muda mrefu, sare yote kutoka kola mpaka viatu.

"Wageni wameshiba?" akauliza.

"Shangazi..."

"Alitaka sauti yako tu. Mimi ndiye niliyemwekea simu sikioni. Nikamwambia, huyo anakuja, ongea naye." "Akasikia. Akaniuliza, mayu anamjibu nani hivyo? Nikamwambia sijui, labda ni bosi wake. Nikamletea uji, akausukuma kwa kidevu. Akasema, 'Basi, mmechoka. Msimpigie tena, ana kazi.' Nikaizima simu kama alivyotaka. Honi ya treni yenu ilipolia akafumbua macho akatazama mlango. Hakuyafumba mpaka nilipomfumba mimi."

Levina alianguka magotini. "Alikuwa Siwema! Shangazi, alikuwa Siwema, mpishi, ni Mzaramo! Nilidhani ananitania, nikamjibu! Sikumwambia baba!"

Pelagia aliweka mkono mdomoni, akaubakiza pale. Polepole hasira ikamtoka usoni, na kilichoingia mahali pake kilikuwa kibaya zaidi.

"Mzaramo," akanong'ona. "Yesu wangu. Ningemwambia ni Mzaramo angekufa anacheka."

Wakashikana, shangazi na mpwa wake, wakalia mpaka wanawake wa nje wakaingia kuwaachanisha.

Walimzika kesho yake mchana. Mchungaji alihubiri, kwaya ikaimba, na pale palipostahili sauti ya besi kila mtu alisikia pengo. Siwema alisimama nyuma na kanga ya kuazima. Habari ilikuwa imeshasambaa msibani kwamba mtani amekuja, Mzaramo hasa, kutoka pwani, na watu wakamngoja. Mzee Gerson kuzikwa bila utani? Haiwezekani! Wazee wa kike wakamsukumasukuma: haya mwanetu, ingia kaburini, dai kuku wako, mwigize alivyokuwa anatembea. Siwema akatikisa kichwa. Wakasema labda ni mgeni, anaona haya.

Jeneza likashushwa. Ndugu wakaitwa kutupa udongo, na Levina, mtoto pekee, akaitwa wa kwanza. Alichota konzi moja. Hakuitupa. Akapiga magoti ukingoni, akainamia shimo, akasema kwa sauti iliyokwaruza:

"Baba, yule alikuwa Mzaramo. Nilikuwa namjibu Mzaramo, baba."

Nyuma, upande wa wanaume, mtu mmoja akaangua kicheko.

"Ehee! Wameanza!"

"Haya Mzaramo, jibu! Umetajwa!"

Kicheko kikapita kutoka safu hadi safu, kicheko kizuri, cha watu waliompenda mzee na waliokuwa wakiungoja utani wake tangu asubuhi. Hata mchungaji alitabasamu. Pelagia peke yake ndiye aliyeinua mikono akisema hapana, nyamazeni, hapana, lakini nani atamsikia mfiwa anayekataza utani? Siwema alijifunika uso kwa kanga, kwa mikono yote miwili.

"Alikuwa mtani wangu, baba," Levina akasema, kwa sauti kubwa zaidi ili ifike chini. "Mzaramo! Unanisikia? Sikuwa nimechoka!"

Na kila aliporudia, watu walizidi kucheka.