Kengele ya Kioo

Yule mshona mapazia walimwita Kioo, na jina lenyewe alilipenda. Kila Jumamosi alasiri alipanda ngazi za nyuma ya duka la vipuri hadi chumba cha juu, akatandika mikeka, akafungua dirisha harufu ya grisi itoke, kisha akakaa kuliani kwa Mwalimu na kengele ndogo ya shaba mapajani. Humo watu walifundishwa kukaa mgongo wima, kuifuata pumzi ikiingia na kutoka, na kumtazama mtu wa ndani bila kumtetea wala kumlaani. Mwalimu alisema ndani ya kila mmoja yumo shahidi asiyelala, na siku shahidi huyo akiachwa aseme, ndiyo siku mtu anaamka. Kabla ya hapo, alisema, sote tunatembea usingizini.

Mwisho wa kikao kila mmoja alitaja jambo moja aliloliona ndani yake. Hakuna kumjibu, hakuna kumpa pole, hakuna kuulizana hata mkiwa njiani. Kioo aligonga kengele, akasema "Tumeona," wote wakaitikia "Tumeona," basi, limekwisha. Lakini kabla ya kengele yeye alikuwa na ruhusa ya kumrudisha mtu ndani akiona anajipamba. Na ruhusa hiyo, jamani, aliitumia. Mjane mmoja alisema amejiona anamkumbuka marehemu mumewe. Kioo akamwambia hayo ni manukato, atazame tena. Mama wa watu akatazama, akalia, akarudishwa tena na tena, mpaka akatoboa kwamba siku ya maziko alikuwa akiwaza kitanda chote sasa ni chake. Kengele ikalia. Kioo akarudi nyumbani akala kwa hamu. Mkuki kwa nguruwe, si ndivyo?

Kilichomkereketa ni mama yake mzazi. Waliishi wawili tu, katika vyumba viwili vilivyojaa vitambaa hadi darini. Mama alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi: asante mwanangu, pole mwanangu, Mungu akuweke mwanangu, yale yale kila siku, kama mgeni anayeogopa kumchosha mwenyeji. Kioo alimpikia, alimwogesha, alimkanda miguu, na bado alihisi yuko nje ya mlango. Zamani alikuwa na mdogo wake wa kiume. Homa moja iliwalaza wote kitanda kimoja, akanyanyuka yeye peke yake. Picha ya mtoto yule mama aliipangusa vumbi kila asubuhi, hasemi kitu. Kioo alitaka kusikia mara moja tu kwamba anapendwa, na si kwa adabu. Alikuwa na hakika neno hilo lipo, na kwamba mama akiamka litatoka lenyewe.

Basi akamshika mkono, akampandisha ngazi. Mama akawekewa kiti pembeni kwa sababu ya magoti, na majuma ya mwanzo akasema vitu vidogo vidogo: amejiona mvivu, amejiona anamwonea wivu jirani mwenye wajukuu. Nyumbani Kioo alimfanyisha mazoezi huku akipiga pasi pindo za mapazia ya watu. Alimkaririsha jambo moja, kwamba asiseme la kumfurahisha mtu, aseme analoliona. Mama akajibu haya mwanangu, nitajaribu. Na masikini, alijaribu kwelikweli.

Jumamosi moja alikawia kufumbua macho. Zamu yake ilipofika akasema amejiona ana bahati, amepata binti mwema. Watu wakatabasamu. Kioo moyo ulimruka, maana neno lenyewe si ndilo hilo? Angegonga kengele, yakaisha, wakaenda zao nyumbani. Lakini lilikuwa na sauti ile ile ya asante mwanangu. Tena watu walikuwa wanamtazama, mjane akiwamo, na hakutaka ionekane kwamba mama yake anapewa upendeleo.

"Hayo ni manukato, mama," akasema. "Tazama tena."

Mama akatazama. Uso wake ukalegea, ile adabu ikaondoka yote, na chini yake kulikuwa na mwanamke ambaye Kioo hakuwahi kukutana naye.

"Wakati wa homa ile niliomba," akasema polepole, kama anayesoma kitu kilicho mbali. "Nilimwambia Mungu, kama lazima amchukue mmoja, amchukue wa kike. Nilipoona amekosea, nikakuchukia. Nimekaa nikingoja ile chuki iishe. Nimetazama sasa hivi. Bado ipo."

Sheria ni sheria, hakuna kujibu wala pole. Wote wakamgeukia mwenye kengele. Mwalimu akamwitikia kwa kichwa taratibu, uso umemng'aa, kwa kuwa hakuwahi kushuhudia mtu akiamka waziwazi namna ile. Kioo akajikaza kisabuni. Akamtafuta yule shahidi wa ndani asiyeumia, ambaye amemhubiri kwa watu miaka nenda miaka rudi. Hakumkuta. Alimkuta mtoto wa kike amelala kitandani, kichwa kinamgonga, anamwita mama yake. Iliuma, tena iliuma vibaya. Mkono ukagonga kengele.

"Tumeona," akasema.

"Tumeona," wakaitikia, na sauti ya mjane ilikuwa juu kuliko zote.

Mama aliteremka ngazi bila kushika ukuta. Nyumbani alikula akaomba aongezewe, akasifu chumvi. Kioo alikuwa na maswali ya kujaza gunia, lakini kuulizana ni marufuku, na aliyekuwa akiwakemea watu kwa hilo ni nani kama si yeye? Akaleta mafuta, akapiga magoti, akaanza kumkanda miguu kama kawaida. Mama akashusha pumzi ndefu, akaegemea kiti.

"Nimepata wepesi, mwanangu," akasema. "Hukunidanganya. Jumamosi ijayo tuwahi, nikae mbele. Naona yamo mengine humu ndani."