Mke Asiyesimamiwa

Anayetaka nisahau aniletee kwanza mdogo wangu.

Hospitali ile ya jeshi ilijengwa kwa ajili ya askari na familia zao. Ndivyo walivyotutangazia siku ya kukata utepe. Kisha akaja Kanali, mkuu wa hospitali, akapigilia ubao getini: mke wa askari haingii wodi ya wazazi mpaka asimamiwe. Yaani mumewe afike mwenyewe, amevaa gwanda, amwambie mlinzi, "Huyu ni mke wangu." Na waume zetu walikuwa mpakani, wamepelekwa na jeshi hilohilo! Uchungu hauombi likizo.

Tukajitafutia mume. Mpishi wa mesi, jiko la askari, alikuwa na mguu mmoja mfupi, hapelekwi vitani. Kila aliyeshikwa na uchungu, mpishi aliitwa. Alifika na unga mikononi, akakaza mkanda, akasema, "Huyu ni mke wangu." Tukamwita Mume wa Kambi. Mkewe halisi alitutania: "Wake wenzangu, mkimaliza nirudishieni mtu wangu, kuni hazijapasuliwa!"

Kanali akanusa. Mpishi akavuliwa cheo, akatiwa mahabusu. Wiki ileile mdogo wangu, mke wa dereva wa jeshi, akashikwa na uchungu. Nilimlaza pale getini juu ya mifuko ya mchanga, damu inamtoka. Gari la Kanali likapita, nikagonga kioo. Akakishusha kidogo.

"Mama, utaratibu ni utaratibu."

Akakipandisha. Mdogo wangu alikata roho mtoto akiwa tumboni.

Kanali alistaafu kwa gwaride na tarumbeta. Ubao ukabaki. Nami nikabaki, kila siku ya kliniki, kwenye benchi la getini pamoja na wake wenzangu wa kambi.

Asubuhi moja gari likafunga breki mbele yetu. Kanali akashuka na suti yake, amemshika bintiye, mke wa luteni aliye mpakani. Binti alikuwa amejikunja, nguo imelowa.

"Mumewe yuko wapi, mzee?" mlinzi akauliza. Mlinzi huyo alikuwa msichana, mgeni kazini.

"Mimi ni baba yake! Unanijua?"

"Nakujua, shikamoo. Lakini baba hasimamii. Ubao una sahihi yako."

"Mkuki kwa nguruwe!" akadakia jirani yangu. Benchi zima likaangua kicheko.

Nikampokea binti mapajani mwangu. Yeye hakuwa na kosa. Mesi ilikuwa ng'ambo ya barabara; ningepaza sauti, mpishi, aliyekwisha kutoka mahabusu na kurudi jikoni, angesikia. Sikupaza.

"Kamwite mwenyewe," nikamwambia Kanali. "Njia ya jikoni unaijua, ndiko ulikomfuata kumfunga."

Akakimbia. Akarudi akimfuata mpishi, anahema.

"Nakuomba, mwanangu."

"Afande, sauti haifiki."

"Nakuomba!"

Mpishi akakaza mkanda. "Huyu ni mke wangu." Akamgeukia Kanali: "Shikamoo, baba mkwe."

Machela ikaja mbio. Lakini kelele zetu zilikuwa zimemtoa ofisini mkuu mpya, akaizuia mlangoni.

"Mpishi ndiye mume wa binti yako, Kanali?"

Kanali akisema ndiyo, amemwozesha binti kwa mpishi mbele ya kambi nzima. Akisema hapana, binti anarudishwa nje. Nikamsogelea sikioni.

"Sema, baba. Utaratibu ni utaratibu."

Akamtazama bintiye kwenye machela. "Si mumewe. Utaratibu huu ni upumbavu, na mpumbavu ni mimi niliyeuweka. Waingize wote."

"Basi ung'oe," mkuu mpya akasema, akiipisha machela.

Akaung'oa ule ubao kwa mikono mitupu, misumari ikimchana. Hakuna aliyempa nyundo. Mpishi alikuwa nayo.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na tangu siku hiyo hakuna mke anayesimamiwa. Kanali alipotoka aliniuliza, "Sasa umeridhika, mama?"

Nikarudi kukaa. Huyo mjukuu atakua. Siku moja atataka kujua alizaliwaje, na benchi langu lipo palepale, karibu na mifuko ya mchanga. Nitamkalisha, nianze na mdogo wangu.