Usangi Niliowaambia Wanangu

Nalala mkekani sebuleni, saa tisa mchana, nimetoka kumwona mke wangu Nakijwa wodini, na kabla usingizi haujanikolea mkeka unakuwa barabara, nami naifuata. Barabara inapanda, inajikunja, inarudi ilikotoka, inapanda tena. Najua iendako. Wiki ya tatu sasa nawaambia wanangu kwamba mama yao amekwenda Usangi kumwuguza bibi, kwa sababu dada zangu walisema mtoto haambiwi saratani, mtoto anadanganywa kidogo mpaka mambo yatulie. Basi huu ndio huo Usangi. Si ule wa kweli wenye migomba na ukungu. Huu nyumba zake zote ni sawa, na kila dirisha ninalochungulia naiona sebule yangu, na mkeka, na mimi nimelala. Naona aibu. Mbele yangu anasimama mama mmoja amejifunga kitenge, uso wake mtupu kama sahani iliyooshwa. Mama, namuuliza, mke wangu yuko nyumba ipi? Anajibu, kitendawili. Nasema, tega. Ukinificha nanenepa, ukinitoa nakonda. Nafikiri, nafikiri, nyumba zinanitazama. Nimeshindwa, nasema. Nipe mji, anasema, kama tulivyocheza utotoni. Sina mji mwingine, nampa Usangi. Anaupokea, na nyumba zinaondoka moja moja zikimfuata, naye anasema bila kugeuka, jibu ni hofu ya mtoto. Linabaki bomba la maji tu, na binti yangu Nakunda, miaka sita, amechuchumaa kwenye beseni anafua sare ya shule. Mdogo wake Sifaeli amemshikia sabuni. Baba, anasema Nakunda, nimefua mwenyewe. Mwambie mama arudi, sitachafuka tena.

Kumbe ndivyo alivyoelewa. Wiki tatu mwanangu anadhani amemfukuza mama yake kwa matope ya sketi. Nakaa chini kwenye maji. Mama hakuondoka kwa ajili yako, nasema, wala hayuko kwa bibi. Yuko hospitali, anaumwa. Ugonjwa wake unaitwa saratani. Hakuupata kwako, na ukimkumbatia haukupati. Dawa zake ni kali, zitamnyonyoa nywele. Atapona? anauliza Sifaeli. Nataka sana kusema ndiyo. Nasema, sijui, mwanangu, madaktari wanajitahidi, na mimi naogopa. Nalia mbele yao, jambo ambalo sijawahi kulifanya, na Nakunda anafuta mikono yake kwenye gauni, ananishika shingo.

Nafungua macho. Mkeka, sebule, jua la dirishani. Nakunda amesimama kichwani pangu. Baba, anasema, saratani ni nini? Sijui kama nimeota kwa sauti, au amewasikia shangazi zake, au bado niko kule na huyu ni yule. Natamani kumgusa nijue, naogopa. Najisogeza, namwachia nafasi. Kamwite mdogo wako, namwambia, mje mkae hapa.